Jumapili Tuliyowanyamazia Kwelea

Tulimzika Chande siku ya Alhamisi, hapa hapa Same, na kabla ya dua mjukuu wake mmoja mwenye sauti nzuri akasoma wasifu. Alizaliwa katika kambi ya mkonge ambako baba yake alifika kutoka Songea kutafuta kazi. Alijifunza kupiga picha. Alipiga picha za vitambulisho, za harusi na za shule mpaka macho yalipomkatalia. Ameacha watoto na wajukuu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka upande wa wanawake, miguu imekufa ganzi, nikisubiri kijana afike kwenye mwaka wa ndege, mara nikaona karatasi inakunjwa na kurudishwa mfukoni. Nilikasirika, sitaficha. Pilau ilipogawiwa, Elinami alinifuata na mkongojo wake, akajiketisha polepole kwenye kiti cha plastiki, akaniambia kwamba hata yeye alikuwa anausubiri mwaka ule. Halafu, kama kawaida yake, akaniuliza kama bado naamini nilifanya vizuri kusimama kwenye ule mkutano wa kijiji. Nikamwambia naamini. Akasema kusimama kwangu hakukurudisha hata punje moja ya mtama. Nikamwambia ale pilau yake. Ugomvi huu tunao tangu tukiwa na meno yote, na kila tulipokwama tulimwendea Chande atuamulie, naye alicheka tu akakataa. Sasa ametutangulia, kwa hiyo nimeona niuandike.

Mwaka ule nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka karibu na stendi, chumba chenye kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa na dirisha lililotazama choo cha jirani. Kwa sababu ya dirisha hilo, jioni zangu zote nilizimalizia studio kwa Chande. Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele benchi la wateja, katikati kamera kwenye miguu yake mitatu, nyuma kabisa chumba cha giza chenye taa nyekundu ambamo kila kitu kilinuka siki. Ukutani lilining'inia pazia lililochorwa ziwa na ndege wawili weupe wenye shingo ndefu, na mbele ya ndege hao watu wa Same walipigwa picha za uchumba. Elinami, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiyeweza kuliacha kosa likapita, alifika siku moja kupiga picha ya kitambulisho akamwambia Chande kwamba ndege hao hawapo katika nchi hii. Chande akamjibu kwamba wakati wa kulichora pazia hakuna ndege aliyekuja kujitolea. Urafiki wetu ulianzia hapo. Elinami alikuwa na darubini aliyoachiwa na mwalimu wake mzungu aliyerudi kwao, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa watatu, tukitoka kila tulipopata nafasi, kwenye vichaka vya nyuma ya reli, tukitafuta ndege na kuwaandika kwenye daftari la shule. Watu walituona vichaa. Mikanda ya picha ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tunaisikia tu.

Safari yetu kubwa ilikuwa ya kupanda milimani, kwa shangazi yake Elinami, karibu na msitu. Tulipanda lori lililokuwa likifuata ndizi, likatuacha barabara ilipokataa, tukamalizia kwa miguu mpaka magoti yangu yakaanza kucheka yenyewe. Shangazi alitupokea na makande yaliyopikwa tangu asubuhi, mahindi na maharage yaliyolainika, tukala kwenye jiko lake la moshi huku tukijibu maswali. Alitaka kujua ndege hao tukiwakamata tutawakaanga au tutawachemsha. Elinami alipomwambia hatuwakamati, tunawatazama tu na kumpiga mmoja picha, shangazi akaniongezea makande. Lakini jioni, nikiwa nimejilaza chumba cha pili, nilimsikia akimweleza jirani kupitia ukuta wa udongo kwamba hawa watoto bila shaka wametumwa na serikali kuuhesabu msitu, na kwamba yule msichana ndiye mkubwa wao kwa sababu hasemi sana. Jirani akauliza kama serikali sasa imeanza kuhesabu na ndege. Shangazi akasema, imehesabu kuku, itashindwaje ndege? Nilicheka hadi nikauma shuka.

Msituni Chande alitufundisha sheria moja. Akiinua kiganja, hakuna kuzungumza, hakuna kukohoa, hakuna hata kuhamisha mguu, mpaka kiganja kishuke. Tulikaa chini ya miti yenye ukungu asubuhi mbili nzima kwa sheria hiyo. Hondohondo walipita juu kwa kelele, hatukuinua hata kidevu, kwa sababu tuliyemtaka alikuwa ndege mdogo wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho kana kwamba amepakwa chokaa, ambaye Elinami aliamini hapatikani nje ya milima yetu. Asubuhi ya pili walikuja kundi zima, wakatua kwenye tawi lililokuwa hatua tatu kutoka usoni pangu. Kiganja kikainuka. Mbu alinikaa kwenye kope akanywa akashiba na mimi sikupepesa. Picha ile ilitoka vizuri mno. Chande aliibandika dirishani studio juu ya picha zote za maharusi, na mimi nikarudi kwenye taipureta yangu nikijiona mtu niliyehitimu jambo. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza, nikadhani kunyamaza ni fadhila mahali popote.

Mwaka huo ndipo watu wa bondeni walipokuwa wamehamia kwenye vijiji vipya, na mvua nazo zikagoma. Mahindi yalikufa yakiwa yamefika magotini. Tulikula unga wa njano wa msaada, ule tuliouita yanga, ugali wake ukiuacha dakika tano unakuwa sponji. Katika kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, walikuwa na shamba la pamoja la mtama, na mtama ndio uliokuwa umevumilia. Kila kaya ilipimiwa mistari yake ya kupalilia na kuchunga, na kila mtu pale alijua mistari hiyo ikifika ghalani watoto watakula mpaka mvua nyingine, na isipofika, hawatakula. Ndipo kwelea, ndege wadogo wala nafaka, walipoanza kuja. Wafanyakazi wa mjini tukaombwa kusaidia kuamia, yaani kukaa kwenye dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, na kuwafukuza ndege kuanzia kunapopambazuka. Watu wengi wa kijiji kile walikuwa Wakristo walioteremka kutoka milimani, na Jumapili walitaka kwenda ibada. Sisi watatu tukajitolea zamu ya Jumapili asubuhi. Chande hakuwa na ibada siku hiyo, mimi na Elinami tukaomba ruhusa kwa mchungaji, na kusema kweli tulijitolea kwa sababu pale palikuwa na ndege.

Aliyetufundisha kazi alikuwa Mama Nanzia, mjane mwembamba ambaye mistari yake ilikuwa ukingoni, upande wa migunga, huko huko kwelea walikotokea. Alituonyesha kamba zilizofungiwa makopo, zilizotandazwa juu ya mtama hadi kwenye dungu, ukivuta moja shamba zima linalia. Alituonyesha kurusha kombeo la udongo, na hapo Chande aliipiga kofia ya Elinami. Kisha akanikabidhi debe na mpini wa jembe, akaniambia mimi ndiye mkuu wa zamu, kwa kuwa wanaume, alisema, hupiga debe mpaka mkono uchoke na mwanamke hupiga mpaka kazi iishe. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kwelea mmoja si kitu. Kumi si kitu. Lakini usiwaache watue, kwa sababu wakitua wale wa kwanza, walio angani wanaona chakula kipo, wanakuja wote, na hapo hata upige mizinga ya serikali watahama mstari huu waende ule. Wapigie kelele wakiwa bado kama moshi angani. Jumapili tatu tulifanya hivyo. Tulipiga kelele mpaka nikienda ofisini Jumatatu bosi alidhani nina mafua.

Jumapili ya nne Chande alikuja na kamera. Alikuwa amepata mkanda mpya kutoka Moshi, sijui kwa kubembeleza nani. Mama Nanzia alipita mapema akiwa amevaa gauni lake la ibada, kitabu cha nyimbo kwapani, tukamwamkia, akaitika marahaba wanangu, akautazama mtama wake ulioanza kutia maziwa, masuke yameinama kwa uzito, akaondoka bila kugeuka. Jua lilikuwa linachungulia wakati wingu la kwanza lilipotokea migungani. Nilishika mpini. Na pembeni yangu, Chande akainua kiganja.

Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote na bado sijui kwa nini mkono wangu ulisimama. Nilimnong'oneza, "Watatua." Akanijibu bila kuondoa jicho kwenye kamera, "Waache watue. Wakiinuka wote kwa pamoja na jua lile, hapo ndipo. Dakika moja, Nakiete." Elinami alikuwa na darubini machoni, mdomo wazi. Ningeweza kulipiga debe. Lilikuwa mapajani pangu. Lakini nilikuwa nimeshaizoea ile sheria ya msituni, na ndege wale, nitasema ukweli, walikuwa wazuri, wakijikunja na kujikunjua angani kama shuka linalokung'utwa. Wakatua. Wakainuka, na mlio wa kamera nikausikia. Wakatua tena, ndani zaidi. Nilipolipiga debe, wingu la pili lilikuwa limeshafika, na la tatu nyuma yake. Tuliruka kutoka kwenye dungu, tukakimbia kati ya mistari tukipiga mayowe na kurusha udongo, nao wakawa wanainuka mbele yetu na kutua nyuma yetu. Kwa mbali niliwasikia watu kanisani wakiimba. Walipoondoka hatimaye, shamba zima lilikuwa salama isipokuwa ule ukingo wa migunga. Kule masuke yaliyokuwa yameinama yalikuwa yamesimama wima. Nililishika moja nikaliminya, likawa makapi matupu.

Mama Nanzia alirudi na wenzake kutoka ibadani, akaiona mistari yake tangu mbali. Hakulia. Alivua viatu vyake vya Jumapili, akaingia shambani akatembea mpaka mwisho wa mistari na kurudi, halafu akaenda nyumbani kuwapikia watoto. Njiani tukirudi mjini, Elinami ndiye aliyeanza. Alisema kwelea wamemaliza mashamba ya watu wenye bidii kutuzidi, kila mtu ataamini tulizidiwa, na tukisema habari ya kamera, itataifishwa au itavunjwa, na Chande hana kazi nyingine duniani. Nami nikanyamaza, mara ya pili siku ile.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumatano jioni chini ya paa la ghala. Mwenyekiti, mtu mpole aliyependa hotuba, alisema kwelea ni adui kama alivyo mnyonyaji, halafu akatutaja sisi watatu kwa majina, vijana wa mjini walioacha usingizi wao na kupambana mpaka sauti zikawakauka, akaomba tupigiwe makofi. Tukapigiwa. Niliona mikono ya Mama Nanzia ikipiga makofi pamoja na ya wengine, mara mbili, kwa adabu. Hilo ndilo lililoniinua. Elinami alinishika gauni kwa nyuma nikamwondoa mkono.

"Ndugu Mwenyekiti," nilisema, "sisi hatukuzidiwa. Tulinyamaza."

Mwenyekiti akaniuliza nina maana gani. Nikaeleza yote, na kwamba debe lilikuwa kwangu, kwa hiyo lawama ni yangu kabla haijawa ya mtu mwingine. Mama Nanzia aliinuka akaniuliza swali moja tu, picha hiyo ilikuwa ya nani. Nikamjibu ilikuwa ya ndege. Watu wengine wakacheka, jinsi watu wanavyocheka wakikosa la kufanya. Yeye hakucheka, akaketi. Kijana mmoja alitaka kamera ichukuliwe iuzwe, mwingine akauliza nani atainunua na njaa hii, na mwisho Mwenyekiti akaniuliza mimi nataka nifanywe nini. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema nitaamia mimi mwenyewe, kila siku, mpaka mtama uliobaki uingie ghalani, na nitalala kijijini nisichelewe. Ndipo Mama Nanzia aliposema, bila kunitazama, kwamba kama ni kulala nitalala kwake.

Mchuma janga hula na wa kwao, nami nilikula na watoto wa Mama Nanzia. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, nililala cha mbele pamoja na Nanzia na mdogo wake, kwenye ngozi ya ng'ombe, na fito za ukuta zilizochungulia zilinichoma ubavu kila nilipogeuka. Kabla hakujapambazuka nilikuwa juu ya dungu. Nilipiga debe, nilivuta kamba, nilipiga kelele mpaka wachungaji wa kwanza wapite na ng'ombe wao, halafu zamu ya pili ikinipokea nilikimbia hadi ofisini, nikiingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bosi alinionya mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia anifukuze kama anataka, mtama ukishavunwa nitakuja kuomba kazi upya. Hakunifukuza. Siku kumi za kwanza Mama Nanzia hakunisemesha zaidi ya salamu, ila kila jioni sahani yangu ilikuwepo, ugali wa yanga na mlenda, sawa sawa na za watoto, wala si ndogo kuliko zao. Nilijaribu kusema nimeshiba. Akausukuma ugali mbele yangu kwa kidole. Mgawo wangu wa unga wa dukani niliuleta wote kwake, akaupokea kama mtu anavyopokea mzigo kutoka kwa mwanawe. Jioni moja nikiosha vyungu nilimsikia akimwambia dada yake kwamba huyu binti sasa anajua kupiga kelele, kelele zake zinatoka tumboni. Nilisimama pale na chungu mkononi, nikiwa na furaha ambayo hakuna mtu angeielewa.

Elinami alikuja kila Jumamosi na Jumapili, akininunia na kufanya kazi kama punda. Chande hakuja. Niliambiwa studio imefungwa mchana, na kwamba ule mkanda hajausafisha. Alitokea siku mbili baada ya mavuno. Mtama wa kijiji ulikuwa umeingia ghalani, kaya zimekubaliana kumchangia Mama Nanzia kidogo kidogo, na bado ilikuwa wazi kwamba chake kitaisha mapema kuliko cha wengine na watoto watarudi kwenye yanga. Tulikuwa uani tunapepeta. Chande alipiga hodi, akamwamkia Mama Nanzia, akachuchumaa mbele yake kama mtoto, akatoa kwenye bahasha picha kubwa na kipande cha mkanda wake.

Sikuwa nimewahi kuona picha kama ile, wala sijaona nyingine baadaye. Kwelea walikuwa wamejaa mbingu nzima, kila mmoja na bawa lake, jua limewapita katikati, na chini kabisa ulionekana ukingo wa mtama, masuke yake bado yameinama. Mama Nanzia aliishika kwa ncha za vidole, asiipake unga. Alitazama juu, halafu akatazama chini, akaweka kidole pale pembeni. "Huu ni mstari wangu wa kwanza," akasema. "Huu wa pili." Chande alimwambia kwamba amekuja kuichana mbele ya macho yake, picha pamoja na mkanda, ili isiwepo tena duniani, na kwamba hatapiga tena picha ya ndege. Akanyoosha mkono arudishiwe.

Mama Nanzia aliisogeza mbali naye.

"Usiichane," akasema. "Hii nimeilipia mimi."

Akaingia nayo ndani, tukamsikia akimwambia Nanzia alete msumari.